Sherehe ya Jamhuri na Swali la Ufagio

 

Wasomaji wetu wapendwa, siku ya 12 Desemba yakaribia. Shule zimefungwa, watoto wamejaa majumbani, na akina mama wengi wameniuliza wawafanyie nini siku ya Jamhuri wapate kufurahi bila ya kuigeuza nyumba kuwa jaa. Juma hili nimeliweka kando somo nililokuwa nimeliandaa ili nijibu swali hilo, kwa kuwa nina deni nalo. Deni lenyewe nililipata mwaka jana mjini Kisumu, katika mtaa wa Manyatta.

Kwa msomaji wa pwani asiyeujua, Manyatta ni mtaa mkubwa wa watu wa kipato kidogo, unaopakana na Kondele. Nyumba nyingi humo ni vyumba vilivyojengwa kuuzunguka ua mmoja, na wenyeji huuita mjengo wa namna hiyo ploti. Kamba ya kuanikia nguo ni ya wote, choo ni cha wote, na maji aghalabu hununuliwa kioskini kwa mtungi wa lita 20. Waislamu huishi humo ukuta kwa ukuta na majirani Wajaluo na Waluhya walio Wakristo, na watoto wao hucheza pamoja kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Ndugu yangu wa kike aliyenifuata ziwa ameolewa huko, na mwaka jana alinialika nije tuwafanyie watoto sherehe.

Tuliwakusanya watoto 30, wa madrasa na wa ploti pamoja. Tulinunua maputo, tukakatakata karatasi za rangi za kurushwa juu, tukakoroga sharubati nyekundu ya unga, tukakaanga chipsi na kuandaa mchuzi wa nyanya wa kuchovyea. Sherehe tukaianza baada ya swala ya adhuhuri. Ilipofika saa tisa mvua ikashuka, kama ilivyo kawaida ya Kisumu nyakati za alasiri msimu huu. Watoto wakakimbilia vyumbani, miguuni matope na mikononi vikombe. Karatasi zilizolowa zikatoa rangi sakafuni, sharubati ikamwagika mikekani, na sisimizi wakapata karamu yao. Siku ile tulitumia mitungi 11 ya maji.

Katikati ya vurugu hiyo nilisimama nikasema kwa sauti, “Wasichana, njooni muondoe vyombo.” Nililisema kwa mazoea tu, wala sikuangalia ni nani aliyeinuka. Aliyeinuka alikuwa mmoja, binti wa miaka 10, jamaa ya shemeji yangu anayelelewa pale nyumbani. Alibeba karai akaenda nalo nyuma ya nyumba. Mvua ikakatika, michezo ikarejea, wimbo wa taifa ukaimbwa, na zawadi za daftari na penseli zikagawiwa. Nilipomaliza kugawa, daftari moja likanibaki mkononi.

Nikaenda kumtafuta mwenyewe. Nilimkuta amechutama mbele ya karai, povu limemfika viwikoni, na vikombe vimerundikana kando yake. Akainua uso akaniuliza, “Mjomba, wimbo wa taifa wameshaimba?” Nikamjibu kwamba wameshaimba. Akasema, “Haya,” akaendelea kusuuza. Baadaye mama yake mlezi aliniambia kwamba alikuwa akiufanyia mazoezi juma zima.

Tangu siku ile nimekuwa nikiikumbuka habari ya sahaba Nu’man bin Bashir (r.a.), ambaye baba yake alimpa zawadi, kisha akaenda kwa Mtume (s.a.w.) ili amshuhudie. Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo. Alipojibu kuwa la, Mtume alikataa kuishuhudia dhulma hiyo. Sisi wazazi huisoma habari hii tukafikiria nguo za Idi na viatu. Mimi siku ile niligawa madaftari sawasawa kabisa, kazi nikaigawa kwa dhulma. Na Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ulipoingia alitoka kwenda kuswali. Mimi sheikh niliyeifundisha hadithi hiyo mara nyingi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nikatoa amri.

Kwa hivyo, mama anaponiuliza namna ya kufanya sherehe isiyochafua, namwomba aianze hesabu yake mwishoni: ufagio utashikwa na nani? Kila tunachokinunua kwa ajili ya watoto, na tukiulize: hiki kitafagiwa na nani, kitaoshwa kwa maji ya nani, na huyo atakuwa amekosa nini wakati anakiosha? Uchafu wa sherehe haupotei wenyewe. Ni kazi, na kazi hiyo humwangukia mtu, naye aghalabu ni mama au binti mmoja asiyeweza kukataa.

KWA NINI TUIADHIMISHE

Wapo watakaouliza kama inafaa Waislamu kuishughulikia siku hii. Wanazuoni wamehitilafiana, na ninawaheshimu wanaojizuia. Ninachokijua ni kwamba sikukuu zetu za ibada ni Idi mbili, wala hatuongezi ya tatu. Siku ya Jamhuri hatuifanyi ibada. Ni siku ya mapumziko ambayo mzazi aweza kuitumia kumfundisha mtoto wake historia, shukrani na ujirani mwema.

Na historia hiyo yatuhusu. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, ikawa jamhuri siku kama hiyo mwaka 1964. Kabla ya uhuru, ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabiwa kuwa ni milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwezi Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walikubaliana ukanda huo uwe sehemu ya Kenya, na miongoni mwa yaliyoahidiwa ni kulindwa kwa dini ya Kiislamu na mahakama za Kadhi. Ilipozaliwa jamhuri, makamu wa kwanza wa rais alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, mtu wa huku ziwani. Mtoto wa Mombasa na mtoto wa Manyatta kila mmoja ana sehemu yake katika siku hii.

WAKATI

Kosa letu la kwanza lilikuwa saa. Sherehe ya Kisumu mwezi wa Desemba ifanywe asubuhi, kuanzia saa tatu mpaka saa sita, kabla ya mvua na kabla ya jua kuwa kali. Adhuhuri ya Kisumu huchelewa kwa kiasi cha dakika 20 kuliko ya Mombasa, kwa kuwa jua huwachomozea nyinyi wa pwani kwanza. Hivyo saa sita itakapofika bado kuna nafasi ya kusafisha na kutawadha bila ya haraka. Siku hiyo ikiangukia Ijumaa, mambo yaishe saa tano. Saa tatu zawatosha watoto. Wakizidisha, uchovu huingia, na uchovu ndio unaomwaga vikombe.

Kabla ya hayo, wajulisheni majirani wa ploti siku mbili mapema, muwaombe kamba ya nguo iwe tupu asubuhi hiyo, na muwaalike watoto wao kwa majina. Mtoto aliyealikwa huja kama mgeni, naye hutunza. Mtoto anayechungulia mlangoni hana cha kutunza.

MAJI NA VYOMBO

Kila mtoto na aje na kikombe chake kutoka kwao, kimefungwa uzi wa rangi mkononi mwa kikombe ili kisipotee. Mwaka jana tuliazima vikombe vya watu, na kila mtoto alipotaka kunywa tena alichukua kingine. Ndipo vikawa mlima.

Hesabu ya maji kwa watoto 30 ni hii. Kunawa kabla na baada ya kula, nusu lita kila mara, ni lita 30. Kunywa vikombe viwili vya robo lita kila mmoja ni lita 15. Kuosha vikombe na masinia ni lita 20. Jumla ni lita 65. Mitungi minne ina lita 80, na hizo 15 zinazobaki ni za kutawadhia watakaoswali. Asione mtu kuwa ni kidogo, kwani imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa maji ya mudi moja, nayo ni kadiri ya viganja viwili vya mtu wa wastani vikijaa. Maji ya kunywa yachemshwe usiku wa kuamkia siku hiyo, yapoe yakiwa yamefunikwa.

Mtoto asiachiwe mtungi wa kujimiminia. Rudisheni desturi yetu ya birika na bakuli: mmoja amimine, mwenzake anawe kwa sabuni, na maji machafu yakusanywe kwenye ndoo yakaoshee choo. Wanaomimina na wawe wavulana wakubwa wawili. Mtaona namna wanavyoionea fahari kazi hiyo mkiwaambia kwamba anayehudumia wageni ndiye mwenye nyumba.

CHAKULA

Chagueni vinavyoshikika kwa vidole na visivyodondosha: mahamri yasiyo na mchuzi, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa vipande, ndizi mbivu ndogo, na tende mbili kwa kila mtoto zilizotolewa kokwa. Kinywaji kiwe maji. Sharubati nyekundu haina faida kwa mtoto, na doa lake hudumu mkekani mpaka Jamhuri ya mwaka unaofuata. Njugu wasipewe walio chini ya miaka 5, kwa kuwa huweza kuwakwama kooni.

Chakula kiandaliwe kwenye masinia, watoto sita kwa sinia moja. Watoto 30 watatumia masinia matano, na sahani 30 hazitakuwapo za kuoshwa. Pale ndipo pa kuwafundisha adabu aliyoipata Umar bin Abi Salama (r.a.) alipokuwa kijana mdogo na mkono wake ukizunguka katika sahani. Mtume alimfundisha kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Mtoto anayekula kilicho mbele yake hapindui sinia, naye wa jirani asiye Muislamu ataishika adabu hiyo bila ya kuhubiriwa.

MICHEZO

Maputo na karatasi za kurusha tuyaache dukani. Ninayo michezo minne inayotosha asubuhi nzima.

Wa kwanza ni bendera ya nafaka. Kila kikundi cha watoto sita kipewe sinia safi, kikombe cha njahi kwa rangi nyeusi, kikombe cha maharagwe mekundu, kikombe cha pojo kwa rangi ya kijani, na nusu kikombe cha mchele kwa mistari myeupe. Vyote hupatikana soko la Kibuye, na nyinyi wa pwani mtavipata Kongowea au Marikiti. Wapange bendera: nyeusi juu, nyekundu kati, kijani chini, na mstari mwembamba mweupe kila rangi mbili zinapokutana. Ngao ya katikati waikate kwa jani kavu. Wanapopanga, mama awaeleze: nyeusi ni watu wa nchi, nyekundu ni damu iliyomwagika kupigania uhuru, kijani ni ardhi yetu, nyeupe ni amani. Walio chini ya miaka 3 wasikae hapo, maana punje huingia puani.

Wakimaliza, huanza sehemu wanayoipenda zaidi, nayo ni kuchambua. Kila kikundi kirudishe nafaka zake kwenye vibakuli vinne, bila ya hata punje moja kubaki mkekani. Kinachoshinda ni kilichosafisha vizuri zaidi, wala si kilichowahi kumaliza. Chakula hakichezewi kikatupwa: nafaka hizo zitiwe katika mifuko ya karatasi, na watoto wenyewe wampelekee ajuza au mjane wa karibu azipike. Kwa namna hiyo kusafisha kumekuwa mchezo, na mchezo umekuwa sadaka.

Wa pili ni gari la moshi. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence zama hizo, ndipo Kisumu ya leo. Wekeni mawe saba uani: Mombasa, Voi, Makindu, Nairobi, Naivasha, Nakuru, Kisumu. Watoto washikane mabega waende kama mabehewa, na katika kila kituo mtoto mmoja aseme jambo moja alijualo kuhusu mahali hapo. Mombasa waweza kusikia bandari ya Kilindini, Voi mbuga ya Tsavo, na Kisumu watoto wa Kijaluo watakwambieni kwamba ziwa lile kwao huitwa Nam Lolwe. Nyinyi wa pwani mwende hivyo hivyo, mradi mtoto ajue kwamba mwisho wa reli kuna watoto wenzake.

Wa tatu ni nambari za kaunti. Kaunti ni 47, na kila moja ina nambari yake: Mombasa 1, Kwale 2, Kilifi 3, Tana River 4, Lamu 5, Taita Taveta 6, huku kwetu ziwani Siaya 41, Kisumu 42, Homa Bay 43, Migori 44. Mama ataje nambari, watoto wataje kaunti. Anayekosea hatolewi nje, bali ndiye anayetaja nambari inayofuata.

Wa nne ni hadithi, na huu uwe wa mwisho kwa kuwa hutuliza. Manyatta yuko bibi jirani ambaye watoto wote wa ploti, Waislamu kwa Wakristo, humwita dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Hao ndio wanaojua sigana, ngano za jioni za Wajaluo. Mwalikeni bibi wa namna hiyo, mumkalishe mahali pa heshima, asimulie moja. Kisha mama wa Kiswahili aanze kwa paukwa, watoto waitike pakawa, naye asimulie ya kwao.

MWISHO WA SHEREHE

Nusu saa ya mwisho ni ya wote. Andikeni kazi kwenye vikaratasi: kukunja mikeka, kufagia ua, kuosha masinia, kukusanya maganda ya ndizi ya kuwapelekea mbuzi, kumwaga ndoo. Zikunjwe, ziwekwe kofiani, na kila mtoto achague bila ya kuangalia, mvulana na msichana, wa nyumba hii na mgeni. Kila mtoto aoshe kikombe chake. Watu wazima nao wachague, na baba wa nyumba awe wa kwanza kutia mkono. Mkichagua kwa kura hivi, kazi haiendi kwa asiyeweza kukataa.

Kisha wahesabiwe. Ikitimia hesabu, mikono imekauka na wote wamesimama, ndipo wimbo wa taifa uimbwe. Wengi hawajui kwamba lahani ya wimbo huo ilitokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa akina mama wa Kipokomo, huko Mto Tana. Ni lahani ya mama aliyempakata mwanawe, na haielekei kuiimba huku mtoto mmoja hayupo, yuko nyuma ya nyumba na karai. Wimbo huo usianze mpaka wa mwisho afike, hata kama mvua inatishia.

Nimemwandikia ndugu yangu wa Manyatta kwamba mwaka huu nitakuja tena, inshallah. Masinia nitayaosha mimi. Binti yule sasa ana miaka 11, na nimeomba yeye ndiye aanzishe wimbo. Ndugu yangu amenijibu kwamba binti alipoambiwa hakusema kitu, ila jioni yake walimsikia akiuimba kule kioskini, akingojea zamu yake ya maji.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuwaona watoto wetu wote, awalinde wao na majirani zao, na aijaalie nchi yetu amani na uadilifu. Amin.